Namba tasa: 641 ndani ya sensa

Jioni moja mtoto wa jirani yangu hapa Mkuza, Kibaha, alikuja na daftari la hisabati akitaka namba kubwa ya kugawanya. Nikampa 61,741,120, idadi ya Watanzania katika Sensa ya 2022. Yeye na mimi tumo humo.

Akagawa kwa 2 mara sita, akiteremka mstari kwa mstari, mpaka 964,705. Tano ikaingia mara moja, saba mara moja, akabaki na 27,563. Hapo penseli ikasimama. 11 ikabakiza, 13 ikabakiza, akafuta mpaka karatasi ikatoboka. Alipofika 43 jibu likatoka kamili: 641. Tukaijaribu hiyo nayo kwa namba tasa zote tisa kuanzia 2 hadi 23, na kila moja ikabakiza. Hapakuwa na haja ya kuendelea, kwani 29 mara 29 ni 841, imeshaipita.

"Mjomba, kwa nini wanaiita tasa? Imekosa nini?"

Swali zuri mno. Shufwa na witiri tulizitoa katika Kiarabu. Anayeswali witiri anajua rakaa zake hazitimii jozi. Lakini namba tasa Waarabu huziita za awali, na Euclid katika Kigiriki aliziita za kwanza. Neno awali tunalo, tungeweza kulitumia. Istilahi yetu ikashika tasa, neno la mtu au mnyama asiyezaa, neno linaloumiza likisemwa ovyo mbele ya mwanamke.

Hata hivyo naitetea istilahi hii, ila ielezwe vizuri darasani. Kigawo ni namba inayoigawa nyingine bila kubakiza. Kigawe ni zao la kuizidisha namba kwa nyingine nzima. Kwa upande wa vigawo, 641 ni tasa kweli: haina ila 1 na yenyewe. Kwa upande wa vigawe inazaa bila kikomo: 1,282, 1,923, na kuendelea, hadi hiyo 61,741,120 yenyewe. Namba nzima ya sensa imejengwa kwa tasa tano tu, yaani 2 mara sita, kisha 5, 7, 43 na 641, na kutokana na hizo inapata vigawo 112.

Hii 641 ina historia. Fermat aliamini kwamba 4,294,967,297 ni tasa. Mwaka 1732 Euler akaonyesha kuwa inagawanyika kwa 641, jibu 6,700,417.

Kijana alisikiliza, kisha akauliza kama angeanzia kwingine angepata tasa zilezile. Nikamwambia ajaribu. Akafungua ukurasa mpya, akaanza kwa 7, akapata 8,820,160, akateremka tena. Giza lilipoingia aliniletea daftari: mpangilio mwingine kabisa, na mstari wa mwisho 641.