Ukifuta historia ya simu, nini hubaki na kinabaki wapi

Tuchukue mfano wa mama anayeuza dagaa Nyakato, jijini Mwanza. Jioni anapokea ujumbe wa mkopo wa haraka wenye kiungo. Anakibonyeza, ukurasa unafunguka, unamwomba namba ya kitambulisho cha taifa, namba ya simu na namba ya siri ya akaunti yake ya pesa. Dakika chache baadaye salio limehama. Mwanawe, kwa nia njema kabisa, anamshauri afute kila kitu ili wasiingie tena. Asubuhi simu inapelekwa kwa fundi karibu na stendi ya Buzuruga, inaflashiwa. Mama anapofika kituo cha polisi, ana simu safi kama imetoka dukani, na usafi huo ndio unaoanza kumkwamisha.

Mfano ni wa kubuni, lakini mikopo ya namna hiyo ipo. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitoa orodha ya programu na majukwaa 69 yaliyokuwa yakikopesha mtandaoni bila leseni, ikawataka wananchi wasiyatumie.

Kwanza tuone simu ya mama ilikuwa na nini kabla ya fundi kuigusa. Kivinjari, yaani programu ya kufungulia kurasa za intaneti kama Chrome, huandika daftari lake chinichini. Humo mna anwani ya kila ukurasa uliofunguliwa, jina lake, muda wake na mara ngapi umerudiwa. Chrome hutunza orodha hiyo kwenye kifaa kwa takriban siku 90. Pembeni yake kuna vidakuzi, ambavyo wengine huviita kuki: vijifaili ambavyo tovuti huviacha kwenye simu ili ikukumbuke ukirudi. Kuna akiba ya picha zilizopakuliwa ili ukurasa ufunguke haraka mara ya pili, kuna orodha ya mafaili uliyoshusha, na kuna maneno uliyowahi kujaza kwenye fomu.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba daftari hilo huandika pia jinsi ulivyofika kwenye ukurasa. Anwani iliyoandikwa kwa vidole huwekewa alama yake, na iliyofunguliwa kwa kubonyeza kiungo huwekewa nyingine. Kwa mtu anayetuhumiwa kwamba alitafuta jambo baya kwa makusudi, kumbe alitumiwa kiungo akakibonyeza, alama hiyo ndogo inaweza kumwokoa.

Je, ukifuta? Kwenye kompyuta ya zamani, faili lililofutwa mara nyingi hubaki kwenye diski mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake, na mtaalamu anaweza kulirudisha. Simu za Android za miaka ya karibuni ni tofauti. Kumbukumbu yake imefungwa kwa msimbo, na ukiirudisha simu kama ilivyotoka kiwandani, ufunguo wa kuusoma msimbo huo hutupwa. Kwa hiyo maneno ya mtaani kwamba polisi wanaweza kurudisha chochote si ya kutegemea. Kilichokuwa ndani ya simu ya mama pekee, kimekwenda.

Kuvinjari kwa hali ya faragha nako kuna imani zake. Ukifunga dirisha hilo, orodha ya kurasa na vidakuzi vyake huondoka. Lakini faili ulilolishusha linabaki, kampuni ya simu imeshaona simu yako ikiwasiliana na tovuti ile, na tovuti yenyewe imekupokea. Ni kama kuingia dukani bila kuandika kwenye daftari lako la matumizi: mwenye duka amekuona.

Ndiyo maana mpelelezi haishii kwenye simu. Upande wa pili kuna kumbukumbu za kampuni ya simu, za huduma ya pesa na za tovuti, na hizi fundi hawezi kuzifuta. Akaunti ya Google ikiwa imewashwa, historia inaweza kuwa imenakiliwa huko pia. Kwenye kafe za intaneti, kanuni za maudhui ya mtandaoni za 2018 ziliwataka wenye kafe kuandikisha watumiaji kwa vitambulisho na kuweka kamera.

Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inawapa polisi uwezo wa kudai taarifa kama hizo kwa wanaozishikilia. Uwezo huo uliwahi kuleta mvutano mkubwa. Waanzilishi wa JamiiForums waliupinga Mahakama Kuu, na mwaka 2017 wakashindwa. Kabla ya hapo, Desemba 2016, mmoja wao, Maxence Melo, alikamatwa na kushtakiwa Kisutu, Dar es Salaam, pamoja na mengine kwa kuzuia upelelezi, baada ya kukataa kutoa taarifa za watumiaji. Mashauri hayo yaliendelea hadi 2020. Alama zilezile zinazoweza kumsaidia mama wa dagaa ndizo zinazoweza kumfichua mtu aliyeandika habari za ufisadi akijificha jina. Msikilizaji ayaone yote mawili.

Sasa tuje kwenye saa, kwani hapa makosa huingia kirahisi. Mama anasema kiungo alikifungua saa mbili usiku. Simu yake inaonyesha 20:00. Ndani ya faili la Chrome hakuna saa kabisa, kuna namba ndefu: idadi ya sehemu za milioni za sekunde tangu Januari 1, 1601, kwa saa za Greenwich, ambako wakati huo ilikuwa 17:00. Tukio moja lina sura tatu. Karani akiandika 2:00 bila neno "usiku", msomaji wa ripoti anaweza kudhani ni alfajiri.

Kosa hilo si dogo. Makampuni ya simu huweka wateja wengi nyuma ya anwani moja ya intaneti kwa wakati mmoja, kama abiria wa daladala moja. Ili kumpata aliyetumia anwani ile, inabidi muda uwe sahihi, pamoja na namba ya mlango aliopitia. Muda ukikosewa, jina litakalotoka linaweza kuwa la mtu mwingine asiye na habari.

Hata jina likitoka sahihi, ni la mwenye laini. Daftari la kivinjari hujua kifaa, halijui kidole. Simu ya baba hutumiwa na watoto, huazimwa na jirani, huuzwa mkononi ikiwa na akaunti ya mmiliki wa kwanza. Mpelelezi makini hutafuta kinachomfunga mtu na kifaa kwa dakika ile: alikuwa wapi, alimpigia nani, nani aliiona mkononi mwake.

Mahakamani safari imekuwa ndefu. Mwaka 2000, katika shauri la Trust Bank dhidi ya Le-Marsh Enterprises, Mahakama Kuu Kitengo cha Biashara ilikubali karatasi zilizochapishwa na kompyuta ya benki. Sheria ya Ushahidi ikarekebishwa 2007, kisha ikaja Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015. Kifungu chake cha 18 kinataka mahakama iangalie ushahidi ulitengenezwa, ukatunzwa na kutumwa vipi, na kama haujachezewa. Kwa hiyo wataalamu hunakili kumbukumbu ya simu kwanza, kisha hukokotoa alama ya nakala hiyo. Herufi moja ikibadilika, alama nzima inabadilika.

Ukipatwa na yaliyompata mama, pigia kwanza kampuni yako ya simu ili akaunti ya pesa izuiwe. Usifute ujumbe wala kiungo, na usimpe fundi. Piga picha ya skrini, andika kwenye karatasi muda na neno "asubuhi" au "usiku", kisha nenda kituo cha polisi, ufungue jalada na uchukue namba ya RB. Ujumbe wa kitapeli utume pia kwenda 15040, namba ya kuripoti utapeli iliyotolewa na TCRA. Hiyo inashughulika na laini iliyoutuma. Pesa zilizokwisha kutoka hufuatiliwa kwa jalada la polisi.