Askari Aliyekwenda Berlin Kudai Mshahara

Mwaka 1929 kijana wa miaka 25 kutoka Dar es Salaam alifika Berlin na dai ambalo mtumishi yeyote wa serikali angelielewa: malimbikizo ya mishahara. Alidai yake na ya baba yake, kwa utumishi wao jeshini wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Wizara ya Mambo ya Nje ilimjibu kwamba amechelewa.

Wazazi walimpa jina la Mahjub bin Adam Mohamed. Ujerumani alijulikana kama Bayume Mohamed Husen. Baba yake, Msudani, alikuwa askari wa jeshi la kikoloni la Kijerumani, na vita vilipozuka mwaka 1914 alikwenda na mwanawe. Mtoto alikuwa na miaka kumi. Alifundishwa kupeleka ishara. Oktoba 1917, katika mapigano makali ya Mahiwa, huko Lindi, alijeruhiwa na kutekwa na Waingereza. Alikuwa na miaka 13; watoto wa umri huo leo wanajiandaa kwa mtihani wa darasa la saba.

Baada ya vita alifanya kazi melini, na ndivyo alivyofika Ulaya. Dai lake lilipokataliwa alibaki Berlin, akawa mhudumu katika Haus Vaterland, jumba kubwa la starehe, na akafundisha Kiswahili chuo kikuu. Januari 1933, siku chache kabla Hitler hajawa kansela, alimwoa Mjerumani, Maria Schwandner.

Mwaka huohuo alizaa mtoto wa kiume nje ya ndoa, na Maria ndiye aliyempokea na kumlea pamoja na watoto wao wawili. Wawili hao walifariki wakiwa wadogo. Yote hayo yakitokea, Husen alikuwa akihangaika kutafuta mkate katika nchi iliyokuwa ikimfungia mlango mmoja baada ya mwingine. Kazi ya uhudumu aliipoteza mwaka 1935. Aliomba nishani ya wapiganaji wa mstari wa mbele, akanyimwa. Akainunua dukani na kuivaa. Vita vya pili vilipoanza alijitolea kuingia jeshini, akakataliwa.

Wapo watakaomwita kibaraka. Mimi sioni hivyo. Sare ile aliivaa kabla hajabalehe, na kila alichokifanya Berlin kilikuwa njia ya kuwakumbusha waajiri wake wa zamani kwamba wana deni naye.

Waliomhitaji zaidi walikuwa watengeneza filamu. Aliigiza katika filamu zaidi ya ishirini, mara nyingi kama boi, mpagazi au mtu wa kupita tu nyuma ya mzungu. Ya mwisho, iliyotoka mwaka 1941, ilimtukuza mkoloni wa Kijerumani Carl Peters, yuleyule ambaye babu zetu walimwita Mkono wa Damu. Huko Husen aliigiza kama mtu mwaminifu wa Peters. Mwaka huohuo alikamatwa kwa uhusiano na mwanamke Mjerumani, kosa ambalo Wanazi waliliita kuchafua mbari. Bila kufikishwa mahakamani alipelekwa kambi ya mateso ya Sachsenhausen, kaskazini mwa Berlin, na huko alifariki tarehe 24 Novemba 1944. Mwanawe aliyebaki aliuawa na mabomu mwaka uliofuata.

Mwaka 2007 kipande cha shaba chenye jina lake kilichomekwa kwenye njia ya waenda kwa miguu, mtaa wa Brunnenstraße, mbele ya nyumba aliyoishi. Mwaka huo pia mtafiti Marianne Bechhaus-Gerst alichapisha kitabu cha maisha yake; bila kazi hiyo huenda wengi wetu tusingemjua.

Na mishahara? Mwaka 1964 bunge la Ujerumani Magharibi liliidhinisha fedha za kuwalipa askari wazee waliokuwa bado hai, wengi wao wakiwa Tanzania. Husen alikuwa amekwisha kufa kwa miaka 20, na miaka 35 ilikuwa imepita tangu aambiwe kuwa amechelewa.