Nyota ya bandia inavyoisaidia darubini kuona vizuri

Usiku usio na mawingu tunaziona nyota zikimetameta. Nyota zenyewe hazitikisiki. Kinachotikisika ni hewa iliyo juu yetu: mwanga ukipita kwenye hewa ya joto na ya baridi hupinda huku na huko, kama jiwe linavyoonekana likicheza chini ya maji ya mto. Kwetu ni pambo, lakini kwa darubini kubwa ni hasara, maana picha hutoka na ukungu.

Wataalamu hufanya nini?

Darubini hufungwa kioo chembamba kinachoweza kubadilishwa umbo. Kompyuta hupima jinsi hewa ilivyoupotosha mwanga wa nyota moja angavu, kisha hukipinda kioo ili kusahihisha kosa hilo, mamia ya mara kwa sekunde. Tatizo ni kwamba nyota angavu haipatikani kila upande wa anga. Kwa hiyo wataalamu hutengeneza yao.

Hutengenezwaje?

Kilomita 90 hivi juu ya ardhi kuna tabaka la sodiamu iliyoachwa na vimondo vinavyoungua. Sodiamu imo pia katika chumvi tunayotia kwenye chakula. Tukirusha chumvi kidogo motoni, mwali hugeuka njano. Leza ya rangi hiyohiyo ikielekezwa juu, sodiamu ile hung'aa, na darubini huiona kama nyota.

Katika jangwa la Atacama nchini Chile, darubini mojawapo ya kituo cha Paranal ilianza mwaka 2016 kutumia leza 4 kwa pamoja, kila moja ya wati 22. Mwanga huo unaweza kumpofusha rubani kwa muda, hivyo ndege ikikaribia leza huzimwa.

Je, inatosha peke yake?

Hapana. Leza nayo huyumbishwa na hewa inapopanda, hivyo haionyeshi kama picha nzima imesogea. Nyota halisi bado inahitajika, ila hata hafifu inafaa.

Faida yake ni ipi?

Andrea Ghez, akitumia darubini za Keck huko Hawaii, na Reinhard Genzel, akitumia za Paranal, walifuatilia nyota zilizo katikati ya Njia ya Maziwa, kundi la nyota ambamo Jua letu limo. Teknolojia hii iliwasaidia kuzitenganisha nyota zilizosongamana. Mwendo wake ulionyesha kwamba zinazunguka kitu kisichoonekana, chenye uzito wa majua kama milioni 4: shimo jeusi. Mwaka 2020 wawili hao walikuwa miongoni mwa washindi watatu wa Tuzo ya Nobel ya Fizikia.