Nyati wa Tsavo na Somo la Kabete

Watu wengi wa mjini hulisikia jina la Kishushe habari za madini ya chuma zikitajwa. Lakini kabla ya chuma kuna ng'ombe. Malisho ya huko yanapakana na Tsavo Magharibi, na tuseme ukweli, nyati hajui mpaka wa hifadhi uko wapi. Ng'ombe pia hajui. Mmoja akiugua, mwingine yuko jirani tu.

Mwaka 1994 nyati wa Tsavo walianza kufa. Tandala wadogo walionekana wamepofuka macho. Ugonjwa ulikuwa sotoka, ile ile iliyopita Afrika Mashariki miaka ya 1890 na kuua, sehemu nyingine, ng'ombe tisa kati ya kumi. Ungedhani Kenya imeshaumaliza ugonjwa huo. Wapi!

Wataalamu walichukua sampuli, wakachunguza virusi, wakakuta ni ukoo ambao haukuwa umeonekana Afrika Mashariki kwa zaidi ya miaka 30. Ulikuwa umejificha wapi miaka yote hiyo? Ndani ya ng'ombe. Huko ulikuwa mpole: homa kidogo, machozi kidogo, halafu mnyama anapona. Daktari mwenye sindano peke yake angepita tu. Alihitajika daktari mwenye swali: kama ng'ombe hawafi, mbona nyati wanakufa?

Kuuliza hivyo ni kitu mtu hufundishwa, na Kenya ina historia ndefu ya kufundisha.

Tangu zama za ukoloni, maabara ya mifugo ya Kabete ilikuwa inauliza maswali mazito. Mwaka 1921 Montgomery alichapisha maelezo ya kwanza duniani ya homa ya nguruwe ya Afrika. Mwaka 1931 Daubney, Hudson na Garnham wakaeleza homa ya Bonde la Ufa, baada ya kondoo kufa karibu na Ziwa Naivasha. Pale Muguga, Walter Plowright akatengeneza chanjo ya sotoka kwa kukuza virusi kwenye seli za figo za ndama. Kazi kubwa, hakuna ubishi. Ila hebu soma hayo majina tena. Walioshika kondoo, walioosha chupa, waliojua ni zizi gani limevamiwa, hawamo.

Mwaka 1962 mafunzo ya udaktari wa mifugo yaliyokuwa chini ya Makerere yakapata kitivo Kabete. Sasa kijana wa hapa angeweza kuandika jina lake mwenyewe juu ya utafiti. Na unajua nani alifundisha wanafunzi hao? Wangari Maathai. Sisi tunamjua wa miti na Uhuru Park, lakini utafiti wake wa uzamivu ulihusu viungo vya uzazi vya ng'ombe. Alipata shahada hiyo 1971, mwanamke wa kwanza Afrika Mashariki na ya Kati, na 1976 akawa mkuu wa idara ya anatomia ya mifugo.

Ameeleza mwenyewe kwamba alitoka kwenda mashambani kukusanya kupe, akitafiti ndigana kali. Kupe aliwapata. Lakini pia aliona ng'ombe waliokonda, mito yenye rangi ya udongo na vilima vilivyobaki uchi. Mwaka 1977 akaanzisha Green Belt Movement. Yaani utafiti wa kupe ulimfunza kuangalia ng'ombe na kile kilicho nyuma ya ng'ombe.

Mimi chuo niliacha, kwa hivyo sitajifanya mshauri wa mitaala. Najua hoja ya upande wa pili: mfugaji wa Kishushe ng'ombe wake akilala chini, anataka dawa leo, hataki takwimu. Ana haki. Ng'ombe huyo ni karo ya mtoto. Na miaka mitano ya kozi tayari imejaa upasuaji, dawa na mitihani, utafiti unaonekana kama anasa.

Lakini dawa ya leo ilitoka kwa swali la mtu wa jana. Na swali zuri halianzii maabara kila mara. Katika vita vya mwisho dhidi ya sotoka, madaktari walijifunza kukaa chini na wafugaji na kuwauliza: mzee, ugonjwa huu mliuona lini, ulikuja na ng'ombe wa wapi, nyinyi mnauitaje? Majibu yale yaliwaelekeza mahali pa kuchukua damu. Huo pia ni utafiti, na mwanafunzi anapaswa kuujua sawa na darubini.

Mara ya mwisho sotoka kuthibitishwa duniani ilikuwa 2001, kwa nyati wa Meru, hapa hapa Kenya. Mwaka 2011 dunia ikatangaza imekwisha, ugonjwa wa pili tu kufutwa kabisa baada ya ndui.

Ugonjwa mwingine utakuja, na mahali ambapo ng'ombe na nyati wanakunywa maji pamoja ndipo utakapoweza kuonekana kwanza. Yule mtoto anayechunga Kishushe leo ataugundua kabla ya yeyote wa Nairobi. Tukimfundisha kuuliza na kuandika, safari hii jina lake halitakosekana.