Mwenyeji Asiye Hakimu

Wazee wetu husema kwamba mgeni hukirimiwa siku mbili, na siku ya tatu hupewa jembe. Katika Olimpiadi ya Kimataifa ya Hisabati, ambayo ni mashindano ya wanafunzi wa shule za sekondari, mgeni hukabidhiwa jembe siku ile ile atuapo mizigo yake. Jambo hili lastahili kuelezwa, kwa maana wengi hudhani kuwa taifa likaribishalo mashindano kama hayo hujipatia humo njia ya kuwapendelea watoto wake.

Mashindano haya yalizaliwa Rumania mwezi wa Julai 1959. Walihudhuria vijana 52 wa nchi 7: wenyeji, Hungaria, Bulgaria, Polandi, Chekoslovakia, Ujerumani ya Mashariki na Shirikisho la Kisovieti. Sehemu ya shughuli ilifanyika Brașov, mji ambao siku hizo ulikuwa ukiitwa kwa jina la Stalin. Rumania ikatoka ya kwanza, na mtu wa shaka aweza kutabasamu hapo. Mpaka mwaka 1976, Austria ilipokaribisha mashindano katika mji wa Lienz, wenyeji wote walikuwa nchi za kikomunisti.

Desturi iliyojengwa tangu siku hizo ni hii. Nchi zote hualikwa kuleta maswali, isipokuwa mwenyeji. Kamati ya mwenyeji huyapepeta na kuandika orodha fupi, lakini watakaochagua maswali 6 ya mtihani ni baraza la viongozi wa timu zote, ambao hutengwa na vijana wao ili siri isivuje. Viongozi hao hao huufasiri mtihani, na kila kijana hujibu kwa lugha aliyoichagua. Kiongozi husahihisha kazi ya vijana wake, kisha hukaa na waratibu wa mwenyeji wakakubaliana alama. Kazi za vijana wa mwenyeji je? Hizo hukaguliwa pamoja na kiongozi wa nchi iliyoleta swali. Mwenyeji hubakiwa na malazi na chakula cha wageni, wala huo si mzigo mdogo: Cape Town mwaka 2014, mashindano yalipofanyika Afrika kwa mara ya kwanza, walikuja vijana 560 wa nchi 101.

Mfano ulio bora kuliko yote ni wa Canberra, Australia, mwaka 1988. Ujerumani ya Magharibi ilileta swali ambalo kwa maneno ni jepesi. Chukua namba kamili mbili zilizo kubwa kuliko sifuri. Jumlisha miraba yake, kisha gawanya kwa zao la namba hizo likiongezwa moja. Ikiwa jawabu ni namba kamili, thibitisha kwamba namba hiyo ni mraba. Msomaji na ajaribu 2 na 8: 68 kwa 17 ni 4, na 4 ni mraba wa 2. Lakini mfano si uthibitisho. Kamati ya Australia ilikuwa na watu 6, wala hapana hata mmoja aliyeliweza. Wakalipeleka kwa mabingwa 4 wa nadharia ya namba nchini mwao, wakawapa saa 6. Nao pia likawashinda. Basi kamati ikaliandika katika orodha kwa alama ya nyota mbili, yaani gumu mno, labda kupita kiasi.

Hapo ndipo ilipoonekana tofauti ya mwenyeji na hakimu. Kama uamuzi ungalikuwa wa Waaustralia, sidhani kwamba wangalithubutu kuwawekea watoto swali lililowashinda wao wenyewe. Baraza la wageni likalichagua, likawa swali la sita. Vijana 11 walilijibu kikamilifu.

Katika timu ya Australia alikuwamo Terence Tao, aliyetimiza miaka 13 mwezi ule ule. Mwaka 2006 alikuja kutunukiwa medali ya Fields, na Canberra yenyewe alipata medali ya dhahabu, ila kwa swali la sita aliandikiwa alama 1 kati ya 7.