Aliyeshindwa Mwaka Jana Ndiye Anayetega Mwaka Huu

Nyumba yangu haina mlango. Kila aliyekulia katika Kiswahili anajua kuwa jibu ni yai, na amelijua tangu hajang'oka jino la kwanza. S. S. Farsi alipochapisha vitendawili vya Zanzibar mwaka 1958, vya namna hii vilikuwa tayari vikongwe. Ukifikiri harakaharaka utasema fumbo ambalo jibu lake linajulikana na watu wote limekwisha kazi. Lakini hilo la yai lingali linategwa. Kwenye intaneti, kwa upande mwingine, watu wa kawaida wametunga mafumbo kwa mamilioni, mengine ya werevu wa kustaajabisha, nayo hupata wachezaji siku mbili tatu kisha hayaguswi tena. Mengi hufifia hata kabla hajapatikana mtu wa kuyategua. Basi si jibu linaloua fumbo. Ni nini?

Nitaanzia Ufipa, uwanda wa kusini-magharibi mwa Tanzania, maana huko fumbo bado lina watu wake. Sumbawanga iko kwenye mita 1,800 hivi kutoka usawa wa bahari, na jioni za Juni na Julai ni za baridi kali. Ndiyo majira ya mavuno: mahindi yamefika nyumbani, maharage yanapigwa. Kupukuchua mahindi huwakusanya bibi, wajomba, watoto na wajukuu karibu na moto, mikono ikiwa na kazi na midomo ikiwa huru. Mtu huita, "Kitendawili!" Wengine huitikia, "Tega!" Wakishindwa, huombwa mji. Mtoto wa Laela atatoa Namanyere, unakataliwa. Atatoa Mpanda, mtegaji anatikisa kichwa. Atapanda hadi Mbeya, na pengine lazima afike Dar es Salaam ndipo mtegaji aridhike, asimulie alivyopokewa mjini humo na kukirimiwa, halafu ndipo atoe jibu.

Desturi hii ya kulipa imeenea mbali. Buganda mtegaji husema "Koyi koyi", hujibiwa "Lya", na aliyeshindwa hutoa kijiji ili mtegaji akitawale. Kutoka pwani ya Bahari ya Hindi hadi kando ya Ziwa Victoria, watu wameafikiana kwamba kutojua kuna bei, na bei hiyo hulipwa mbele za watu. Nadhani tumeidharau bei hii tukiiona kama mapambo ya mchezo. Kwa maoni yangu ndiyo mtambo wenyewe. Mtoto aliyetoa Mbeya na Dar es Salaam kwa kitendawili kimoja hakisahau. Anakibeba mwaka mzima. Msimu unaofuata kuna mdogo wake, au mtoto wa jirani, ambaye sasa ana umri wa kukaa motoni, na yule aliyenyang'anywa miji ndiye anayeinua sauti kuita. Kitendawili hakikupata hadhira mpya kwa kuwa kipya. Kimeipata kwa sababu kila mwaka kuna watoto wanaokisikia mara ya kwanza, na kila mwaka aliyeshindwa anageuka kuwa mtegaji. Jibu limeenea kijiji kizima, na kuenea huko ndiko kunakokiweka hai, kwa kuwa kila anayelijua ana haki ya kutega.

Sasa tuangalie mafumbo ya intaneti kwa jicho hilo. Mfano ulio wazi kuliko yote ninaoujua ni mchezo wa kompyuta wa Super Mario Maker, uliotolewa na kampuni ya Nintendo ya Japani Septemba 2015. Mchezo huo haukuuza mafumbo. Uliwapa wachezaji vifaa vya kutungia ya kwao: mashimo, miiba, milango ya kificho, maadui wanaotokea juu. Kila mmoja aliweza kutunga levo yake, yaani hatua moja ya mchezo, na kuwategea watu wa dunia nzima. Palikuwa na sharti moja ambalo bibi yeyote wa Ufipa angeliona la haki: mtungaji hakuruhusiwa kuituma levo kabla hajaivuka mwenyewe. Asiye na jibu hategi.

Zilitungwa mamilioni. Lakini utaratibu wa kuzionyesha ulifanya kazi kinyume cha moto wa Ufipa. Levo mpya ilionekana kwa muda mfupi, kisha mpya zaidi zikaisukuma chini. Iliyokwisha kupendwa iliwekwa mbele, ikazidi kupendwa. Isiyopata bahati siku zake za mwanzo ilizama moja kwa moja. Anayecheza aliivuka au alishindwa, kisha akaondoka bila kulipa chochote na bila kudaiwa kumtegea mtu mwingine. Mtungaji na mteguaji hawakuonana. Hakukuwa na mdogo wa nyumbani wa kuambiwa, "Njoo, mimi hii ilinishinda, wewe je?" Machi 31, 2021 Nintendo ikafunga mlango wa kutuma levo mpya, na ikatangazwa baadaye kwamba Aprili 8, 2024 mitambo ya mtandaoni ya mchezo huo ingezimwa kabisa.

Kilichofuata ndicho kinachonifanya niandike. Kikundi cha wachezaji kilichojiita Team 0% kilikuwa kimejipa kazi ya kuvuka kila levo ambayo hakuna aliyewahi kuivuka isipokuwa mtungaji wake. Walizipekua zilizosahauliwa miaka kadhaa, moja baada ya nyingine, tarehe ya kuzimwa ikikaribia. Katikati ya Machi 2024 ikabaki moja tu, iliyoitwa Trimming the Herbs. Watu waliifia saa nyingi. Kisha mtungaji wake akakiri kwamba hakuwahi kuivuka kwa mikono yake. Alitumia programu ya kompyuta kulipita lile sharti. Kikundi kikatangaza kuwa kazi imekwisha, kwa kuwa fumbo la hila haliingii kwenye hesabu. Hata hivyo mchezaji mmoja hakuachia. Tarehe 5 Aprili, siku tatu kabla ya kuzimwa, aliivuka, kwa vidole vya binadamu.

Levo hizo zilikuwa zimekufa kwa kila kipimo cha mtandaoni: hazina wachezaji, hazina maoni, hazina nafasi kwenye orodha. Zikafufuka bila kubadilishwa hata tofali moja. Kilichobadilika ni kwamba sasa palikuwa na watu wanaojuana, wanaohesabiana, wanaoona kushindwa kuwa deni la wote. Kwa miezi michache intaneti ilipata moto wake wa kuzunguka.

Mapokeo mengine yanaonyesha kufa na kufufuka huku kwa namna zao. Mombasa ya Muyaka bin Haji, mshairi aliyefariki mnamo 1840, ilijua ushairi wa fumbo: shairi lilitoka, na wenzake walilijibu kwa mizani ileile. Lilipokatika lile kundi la wajibizani, beti zake nyingi ziligeuka fumbo la aina nyingine, kwa sababu tukio lililozaa beti lilikuwa limesahauliwa. Bila kazi ya Mwalimu Sikujua na W. E. Taylor ya kuzikusanya na kuzifafanua mwishoni mwa karne ya 19, tungebaki na maneno matupu. Gazeti la Mambo Leo, lililoanza Tanganyika mwaka 1923, likaurudisha mtindo huo kwa njia ya posta: mshairi alimuuliza mwenzake wa mkoa mwingine kwa shairi, na jibu likachapwa katika toleo la baadaye. Mwendo ule wa polepole ulisaidia. Mtu alikuwa na majuma ya kulala na swali, na jibu lilikuja likiwa na jina la mtu.

Japani nako, jarida la mafumbo la Nikoli, lililoanzishwa 1980, lilijengwa juu ya wasomaji wanaotunga. Lilipolichukua fumbo la tarakimu lililochapwa Marekani mwaka 1979 na kulipa jina la Sudoku mwaka 1984, lilisisitiza litungwe na binadamu. Ilipofika 2004 Sudoku ikaingia gazeti la The Times la London kwa msaada wa programu ya kompyuta inayozalisha mafumbo hayo yenyewe, na dunia nzima ikacheza. Sijui nimpongeze nani hapo. Fumbo lilienea kuliko wakati wowote, ila kwa mamilioni ya waliolipokea, mtegaji akawa ametoweka.

Kuna kufifia kwingine ambako hakuna moto unaokuzuia: kitu kinachosemwa kinapotoweka. Kitabu cha Exeter, cha Uingereza ya karne ya 10, kina mafumbo zaidi ya 90 bila majibu, na baadhi wataalamu wanayabishania hadi leo kwa kuwa vyombo na desturi za wakati ule havipo tena. Ufipa inaweza kuelewa. Malungu, yale matanuru marefu ya udongo ya kuyeyushia chuma, yaliacha kuwashwa katika nusu ya kwanza ya karne ya 20. Mtoto wa Nkasi akitegewa leo fumbo ambalo jibu lake ni tanuru, atatoa miji yote ya Tanzania. Hilo ni la kusikitisha lakini ni la kawaida, vitu huondoka. Lisilo la lazima ni kuondoka kwa mtegaji.

Watu husema vitendawili vinakufa kwa sababu ya simu. Mimi naona simu za Sumbawanga zimejaa mafumbo: hesabu za picha za matunda, maswali ya chemshabongo yanayorushwa kwenye makundi ya WhatsApp ya ukoo, ya jumuiya, ya waliosoma pamoja. Yametungwa na asiyejulikana, yanajibiwa na wa kwanza kufungua ujumbe, na dakika kumi baadaye yamefunikwa na tangazo la harusi. Anayeyarusha mara nyingi hakuyatunga, wala hadai mji.

Kinachonisumbua zaidi kuliko simu ni darasa. Vitabu vya Kiswahili vya shule ya msingi vina vitendawili, na mtihani huwataka watoto wavitegue. Jibu sahihi ni moja, limeandikwa mahali, na alama ni za anayetegua. Miaka yote ya shule mtoto hukaa upande mmoja tu wa mchezo. Ningependa kuona swali la mtihani linalomtaka atege, kuhusu vitu anavyoviona mwenyewe juu ya uwanda huu: maghala makubwa ya nafaka ya Sumbawanga, bodaboda inayopanda mlima na magunia matatu, nyaya za umeme, matuta ya duara ya ntumba ambayo babu yake angali akiyalima. Na kama mtoto wa darasa la tano huko Matai atatunga kitendawili kitakachomshinda mwalimu wake, mwalimu atoe mji.