Waifai ya nyumbani: uliza kilichofika mlangoni kabla ya kulipa

Tangu kazi iniletee Chechelesi, hapa kaunti ya Isiolo, jamaa zangu wa Mombasa na Lamu wananiuliza swali lile lile wanaloniuliza majirani wa huku: ninunue ruta gani? Nawajibu wote kwa pamoja.

Ruta haileti intaneti. Kazi yake ni kuigawa, kwa mawimbi ya redio, ile intaneti ambayo imekwisha kufika nyumbani kwako. Kilichofika kikiwa kidogo, ruta ya bei ghali itagawa kidogo hicho hicho. Basi swali la kwanza ni njia gani inafika kwako. Njia ziko tatu.

Faiba

Huu ni waya wa nyuzi za kioo unaopitisha mwanga. Mwaka 2009 nyaya za baharini za TEAMS, kutoka Fujairah, na SEACOM zilifika Mombasa, na EASSy ikafuata mwaka 2010. Kutoka Pwani nyuzi zikapelekwa bara, na mradi wa serikali wa NOFBI ukalenga kuzifikisha makao makuu ya kaunti. Lakini kufika mjini si kufika mlangoni. Mtaani kwako lazima pawe na nguzo, kisanduku cha kugawia, na nafasi iliyobaki ndani ya kisanduku hicho. Hata Mombasa, ambako nyaya zinatokea baharini, viko vichochoro ambavyo havijapata.

Jirani yangu hapa, mama wa watoto wanne, alilipia faiba kwa ajenti wa kampuni moja ambayo siitaji jina. Binti yake alikuwa anaomba nafasi ya chuo kupitia KUCCPS na baadaye mkopo wa HELB, na maombi yote mawili hufanywa mtandaoni. Fundi alikuja baada ya siku nyingi, akatazama, akasema nguzo iko mbali. Binti akamaliza maombi yake saiba ya mjini, kwa nauli ya boda kila siku, na pesa za mama zikiwa bado kwa kampuni.

Kwa hivyo mwambie ajenti alete fundi apime kwanza, ulipe baadaye. Pahali inapofika, faiba ndiyo bora: kasi yake haiyumbi sana, na familia kubwa inaitumia kwa pamoja.

Ruta ya laini

Hii hutiwa laini ya simu na kutumia mtandao wa 4G au 5G. Haihitaji nguzo, na ukihama unaibeba. Udhaifu wake ni mnara: ukiwa mbali, au watu wakiwa wengi, kasi inashuka. Kabla ya kununua, azima laini za kampuni mbili au tatu, nunua bando la siku moja kwa kila moja, kisha jaribu pale pale utakapoweka ruta. Jaribu saa mbili usiku, wakati kila mtu yuko mtandaoni, usijaribu asubuhi. Uliza pia kama ruta imefungwa kwa kampuni moja. Ikiwa imefungwa, siku ukitaka kubadilisha laini haitakufaa.

Sahani ya setilaiti

Starlink ilianza kuuza huduma Kenya Julai 2023. Inafaa boma lililo mbali na nguzo na mnara. Sahani inataka anga wazi bila mti wala ghorofa mbele yake, na inakula stima zaidi kuliko ruta ya kawaida. Anayetegemea sola afanye hesabu hiyo mapema.

Kusoma tangazo

Kasi huandikwa kwa Mbps, yaani megabiti kwa sekunde. Biti nane hufanya baiti moja. Kwa kasi ya Mbps 10, faili ya GB 1 huchukua takriban dakika 13 kushuka, mambo yakienda sawa. Neno "bila kikomo" nalo lisomwe hadi mwisho: vifurushi vingine hupunguza kasi ukishavuka kiasi fulani. Uliza kiasi hicho, uliza ruta ni yako au ni ya kuazimwa, na uliza gharama ya kuvunja mkataba. Ukinunua ruta dukani, hakikisha ni aina iliyoidhinishwa na Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya.

Ndani ya nyumba

Mabati tuliyojengea huku huzuia mawimbi, kama zinavyofanya kuta nene za mawe za Mji wa Kale. Weka ruta katikati ya nyumba, juu, mbali na friji na nyuma ya runinga. Ruta nyingi zina mawimbi mawili: ya gigahezi 2.4 hufika mbali, ya gigahezi 5 yana kasi lakini hayapenyi ukuta vizuri.

Stima ikipotea, waifai nayo hupotea. Ruta nyingi hutumia volti 12, na kuna betri ndogo za kuziwekea akiba. Soma kwanza maandishi ya chaja ili volti zilingane. Mwenye faiba aangalie kama ana visanduku viwili. Vyote vinahitaji moto.

Mwisho, badilisha nenosiri lililokuja na ruta, hata lile la kuingilia mipangilio yake, na uchague ulinzi wa WPA2 au WPA3. Jirani ukimgawia ni ihsani, lakini mpe mtandao wa wageni, maana laini imesajiliwa kwa jina lako.

Ukidhulumiwa

Hifadhi risiti, ujumbe wa malipo na jina la ajenti. Lalamika kwanza kwa kampuni, kwa maandishi. Inapaswa kuwa na utaratibu wa kushughulikia malalamiko. Usiporidhika, peleka kwa Mamlaka ya Mawasiliano. Jirani yangu alirudishiwa pesa zake baada ya barua ya pili, aliyoambatanisha na ujumbe wa malipo. Simu kumi alizopiga kabla ya hapo hazikumpa chochote.